Kufundisha Somo la Sauti kwa Majaribio: Mfano wa Hedifoni na Vikuza Sauti

Utangulizi

Mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi hukabiliwa na shida moja ya siku nyingi. Mambo anayotakiwa kufundisha yameandikwa kitabuni, na watoto huyakariri vizuri, lakini hawayatumii kuamulia jambo lolote nje ya darasa. Mwanafunzi aweza kusema bila kusita kwamba sauti ni mtetemo, kisha akaenda dukani akakubali kila neno la muuzaji anayemwambia kuwa kifaa fulani kina sauti safi kwa sababu tu ni cha bei kubwa. Katika makala hii tutajaribu kuonyesha jinsi somo la sauti linavyoweza kumpa mtoto mambo mawili kwa pamoja: maarifa ya sauti yenyewe, na tabia ya kupima dai kabla ya kulikubali.

Mfano tulioteua ni wa hedifoni, yaani vifaa vya kusikilizia vinavyovaliwa kichwani au kutiwa masikioni, pamoja na vikuza sauti na vyombo vya kidijitali vinavyotoa muziki. Tumeuteua kwa sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wengi wameviona vifaa hivi nyumbani, sokoni na katika mabasi, kwa hiyo mwalimu anaanza na jambo wanalolijua. Pili, katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani wako mashabiki wa sauti bora ambao hutumia fedha nyingi mno kwa vifaa hivi. Mwaka 2015 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitangaza hedifoni moja, pamoja na kikuza sauti chake chenye umbo la marumaru, kwa bei ya takriban yuro 50,000. Mashabiki hao wamebishana kwa miaka mingi, na baadhi ya mabishano yao yamefanyiwa utafiti. Hapo mwalimu anapata mahali pazuri pa kuonyesha tofauti kati ya kuamini na kujua.

Madhumuni

Baada ya vipindi vinne mwanafunzi wa madarasa ya juu aweze:
(a) kueleza jinsi mkondo wa umeme unavyogeuzwa kuwa sauti ndani ya hedifoni;
(b) kueleza kwa vitendo jinsi sauti inavyohifadhiwa kwa namba;
(c) kupanga na kuendesha jaribio lisilo na upendeleo;
(d) kutaja njia za kulinda masikio yake.

Maarifa anayopaswa kuwa nayo mwalimu

1. Hedifoni

Ndani ya hedifoni ya kawaida mna vitu vitatu: sumaku, koili ya waya mwembamba, na kiwambo chepesi ambacho koili hiyo imegandishwa. Mkondo wa umeme unapopita katika koili, koili huwa sumaku ya muda. Huvutwa na kusukumwa na sumaku ya kudumu, nacho kiwambo huenda pamoja nayo. Kiwambo husukuma hewa, na hewa hufikisha mtetemo kwenye ngoma ya sikio. Mkondo ukibadilika mara 440 kwa sekunde, kiwambo hutetema mara 440 kwa sekunde. Sikio changa lenye afya husikia takriban kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na uwezo wa kusikia sauti nyembamba hupungua kadiri umri unavyosonga.

Historia ya vifaa hivi ni fupi. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa jimbo la Utah, Marekani, alitengeneza hedifoni ambazo jeshi la majini la nchi hiyo lilizinunua kwa kazi za redio. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee alitoa hedifoni ya stirio kwa wasikilizaji wa muziki. Mwaka 1968 Sennheiser ilitoa HD 414, ambayo mgongo wake uliachwa wazi ili hewa ipite.

Jambo hili la mwisho linafaa kuzingatiwa. Hedifoni iliyo wazi haiifungii sauti ndani, na wengi huiona kuwa na sauti isiyobanwa. Lakini pia huruhusu makelele ya nje kuingia na muziki kutoka. Kwa mtu aliyeketi chumbani peke yake ni kifaa kizuri. Kwa abiria wa basi ni kifaa kibaya, hata kama ni cha bei kubwa. Ni dhahiri basi kwamba neno "bora" halina maana mpaka tutaje kazi inayokusudiwa.

2. Kikuza sauti

Kikuza sauti hupokea mkondo dhaifu na kutoa mkondo wenye nguvu za kutosha kusukuma kiwambo. Je, kinahitajika daima? Hapa hesabu ndogo hutusaidia. Hedifoni nyingi za simu zina ukinzani wa takriban omu 32. Hedifoni ya HD 600, iliyotolewa mwaka 1997 na kupendwa sana na mashabiki, ina ukinzani wa omu 300. Nguvu hupatikana kwa kuzidisha volti kwa volti, kisha kugawanya kwa omu. Chombo kikitoa volti 1, hedifoni ya omu 32 itapata takriban miliwati 31, bali ile ya omu 300 itapata miliwati 3.3 tu. Kwa hiyo msikilizaji wa hedifoni ya pili aweza kuwa na haja ya kweli ya kikuza sauti, na msikilizaji wa ile ya kwanza huenda asiwe nayo.

Baadhi ya mashabiki hupenda vikuza sauti vya vali, ambavyo mara nyingi huongeza upotoshaji kidogo unaowapendeza. Kupenda si kosa. Kosa ni kudai kwamba jambo linalotupendeza limethibitishwa kuwa sahihi zaidi.

3. Sauti kwa namba

Katika santuri, mtetemo ulichorwa katika mfereji. Katika vyombo vya kidijitali, urefu wa wimbi hupimwa mara nyingi kila sekunde, na vipimo huandikwa kwa namba. Sahani ya CD, iliyoingia sokoni huko Japani mwaka 1982 kwa ushirikiano wa Sony na Philips, hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, na kila kipimo huwa mojawapo ya ngazi 65,536.

Mbona 44,100? Kanuni iliyojengwa na Harry Nyquist na Claude Shannon yasema kwamba tukipima zaidi ya mara mbili ya idadi ya mitetemo ya sauti nyembamba kuliko zote, twaweza kulirudisha wimbi lote. Nusu ya 44,100 ni 22,050, nayo yazidi 20,000 ambayo ni kikomo cha sikio. Watu wengi hudhani kuwa sauti ya namba hutoka ikiwa na vipandevipande kama ngazi za nyumba. Sivyo. Kigeuzi kinachorudisha namba kuwa mkondo wa umeme huambatana na kichujio, na kinachotoka ni wimbi laini. Mwalimu asipolijua hili atawapotosha wanafunzi wake.

4. Bei na ubora

Kuna rekodi zilizopimwa mara 96,000 au 192,000 kwa sekunde, nazo huuzwa ghali zaidi. Je, masikio huzitambua? Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wasikilizaji walilinganisha rekodi za aina hiyo na rekodi zilezile zikiwa zimepitishwa katika kipimo cha CD, bila kujua ipi ni ipi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Hayo ni sawa na kurusha sarafu.

Lakini mjadala haukuishia hapo. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya matokeo ya tafiti 18 na kukuta kwamba majibu sahihi kwa jumla yalikuwa asilimia 52.3, tofauti ndogo, lakini si ya kubahatisha tu, nayo iliongezeka kwa wasikilizaji waliopewa mafunzo. Mwalimu mwaminifu huwaeleza wanafunzi matokeo yote mawili.

Kuhusu hedifoni zenyewe hali ni tofauti. Hizo ni vyombo vinavyotetema, na kila muundo hukuza sauti nene au nyembamba kwa namna yake. Tofauti zake husikika waziwazi. Hata hivyo tofauti haifuati bei. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283, na hakuona uhusiano kati ya bei ya kifaa na jinsi kinavyotoa sauti nene na nyembamba.

Vifaa vya somo

Ngoma ndogo na mchanga. Spika mbovu ya redio au hedifoni iliyoharibika. Betri moja ya volti 1.5 na vipande vya waya, karatasi zenye miraba, sarafu, simu mbili au redio mbili ndogo za bei tofauti, zenye wimbo uleule, hedifoni moja nzima ya kuvaa juu ya masikio, kitambaa cha kuweka pazia. Kama shule haina simu zenye tundu la hedifoni, mwalimu aazime mapema. Vifaa hivi visipopatikana kabisa, vipindi viwili vya kwanza bado vyaweza kufundishwa kikamilifu.

Hatua za kufundisha

Kipindi cha kwanza: Mtetemo na kiwambo

Nyunyiza mchanga juu ya ngoma, upige, wanafunzi watazame mchanga unavyoruka. Kisha wape makundi spika mbovu waifungue wenyewe na kutafuta sumaku, koili na kiwambo. Usiwatajie majina kwanza. Waache waeleze kila kitu kinafanya nini kwa kadiri wanavyoona. Ikiwa koili ya spika bado nzima, gusisha waya za betri mara moja na kuziachia: kiwambo kitaruka na mlio utasikika. Geuza waya, na kiwambo kitaruka upande wa pili. Hapo swali la "umeme unageukaje kuwa sauti?" hujibiwa na macho yao. Betri isiachwe ikiwa imeunganishwa, maana koili itapata moto.

Kipindi cha pili: Wimbi kwa namba

Kundi la kwanza lichore wimbi lenye kupanda na kushuka katika karatasi ya miraba, pasipo kundi la pili kuliona. Kila baada ya miraba miwili wasome urefu na kuuandika, kwa mfano: 5, 8, 9, 7, 4, 1, 0, 2, 5. Namba hizo zisomwe kwa sauti, nalo kundi la pili liweke nukta na kuziunganisha kwa mstari laini. Kisha michoro miwili ilinganishwe.

Rudia zoezi kwa kupima kila baada ya miraba minane. Safari hii vilima vidogo vya wimbi vitapotea, na wanafunzi watagundua wenyewe kwamba wimbi lenye mabadiliko ya haraka lahitaji vipimo vya karibukaribu. Ndipo uwaulize: tukipima kila mraba mmoja, na wimbi halina kilima chembamba kiasi hicho, tutapata faida gani? Swali hili hubeba mabishano yote ya mashabiki, na mtoto wa miaka kumi na miwili aweza kulijadili.

Kipindi cha tatu: Sarafu na bahati

Kipindi hiki walimu wengi wangependa kukiruka. Tunasisitiza kisirukwe, maana pasipo hicho jaribio la kipindi cha nne halina maana. Mwalimu arushe sarafu mara kumi akiwa ameificha, na kila mwanafunzi aandike makisio yake kabla ya kuonyeshwa. Kisha wahesabu walioyapatia. Wengi watapata 4, 5 au 6. Lakini katika darasa la wanafunzi 40, tutarajie kwamba wawili hivi watapata 8 au zaidi, ingawa hakuna aliyeona sarafu.

Waulize: je, hao wana macho yanayopenya mkono wa mwalimu? Watacheka, na kicheko hicho ndicho mafunzo. Rudia kwa hao wawili peke yao, na kwa kawaida watarudi katikati. Kwa hesabu, kati ya njia 1,024 zinazowezekana za kujibu mara kumi, njia 56 hutoa 8 au zaidi, na njia 11 tu hutoa 9 au zaidi. Kwa hiyo mtu akipata 8 mara moja tusimwite bingwa, apimwe tena.

Kipindi cha nne: Jaribio la masikio

Hatua ya kwanza: weka simu mbili mezani, zionekane. Wataje bei zake. Wasikilizaji sita wasikilize wimbo uleule kwa kila simu, kwa hedifoni ileile, na kila mmoja aandike ipi ina sauti nzuri na kwa nini.

Hatua ya pili: sawazisha ukubwa wa sauti. Jambo hili ni la lazima. Sauti iliyo kubwa kidogo huonekana kuwa bora hata kama ni ileile. Wanafunzi watatu wasaidie kurekebisha mpaka wasiweze kusema ipi ni kubwa zaidi.

Hatua ya tatu: weka pazia. Msaidizi nyuma ya pazia arushe sarafu. Ikianguka upande wa kichwa aunganishe simu ya kwanza, vinginevyo ya pili. Hata simu ikibaki ileile, achomoe waya na kuuchomeka upya, ili mlio wa waya usitoe siri. Mwalimu asiyaone matokeo ya sarafu, kwa sababu uso wa mwalimu huzungumza. Msikilizaji aseme ni simu ipi. Mwandishi wa kundi aandike. Fanya hivyo mara kumi kwa kila msikilizaji. Dakika tano humtosha mmoja.

Hatua ya nne: jumlisha ubaoni. Linganisha na maneno yaliyoandikwa katika hatua ya kwanza.

Mwalimu asiingie darasani akiwa ameshaamua jibu. Yawezekana wanafunzi wakashindwa kabisa kutofautisha simu hizo, na dai la bei likaanguka. Yawezekana pia simu moja ikawa na mvumo hafifu, wakaitambua mara kumi kwa kumi. Hapo tofauti ni ya kweli, na hapana budi kuiandika. Mwalimu anayefurahia matokeo ya aina moja tu anawafundisha watoto upendeleo wake mwenyewe, ingawa anauita sayansi.

Tahadhari

Kabla ya kipindi cha nne mwalimu awafundishe wanafunzi kulinda masikio. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na shirika la kimataifa la mawasiliano, yalitoa mwongozo wa usikilizaji salama: kwa watu wazima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huongezeka maradufu na muda ulio salama hupungua kwa nusu. Kwa hiyo mtu mzima anayesikiliza kwa desibeli 83 ana saa 20, kwa 86 ana saa 10, kwa 89 ana saa 5. Wanafunzi wenyewe waendeleze jedwali hilo. Chembe za kusikilia zilizomo ndani ya sikio la binadamu zikifa hazioti tena. Katika jaribio, sauti iwe kiasi ambacho msikilizaji aweza kumsikia mwenzake anayemwita karibu naye. Hedifoni ipanguswe kwa kitambaa safi kabla ya kumpa mwingine.

Aidha, huenda mwanafunzi mmoja asisikie vizuri kwa sikio moja, na jambo hilo likajulikana siku hiyo kwa mara ya kwanza. Asichekwe. Mwalimu azungumze na wazazi wake faraghani wampeleke hospitali, na amhamishie dawati la mbele. Watoto wa namna hii wameitwa wavivu au wasiosikia maneno, kumbe ni kweli hawasikii.

Tathmini

Maswali yafuatayo yatamsaidia mwalimu kupima kama somo limeingia:
1. Eleza kazi ya sumaku, koili na kiwambo katika hedifoni.
2. Kwa nini msikilizaji hakuruhusiwa kuona simu?
3. Juma alipatia mara 8 katika 10. Je, tukubali kwamba anatambua? Tufanye nini?
4. Mfanyabiashara anasema sabuni yake hung'arisha nguo kuliko nyingine zote. Panga jaribio lisilo na upendeleo la kulipima dai hilo.

Swali la nne ndilo kubwa kuliko yote. Mwanafunzi anayeweza kulijibu ameliondoa somo katika hedifoni na kulipeleka katika maisha yake. Atakayejibu matatu ya kwanza tu bado anahitaji mazoezi.

Hitimisho

Wanachuo wanaokwenda katika mazoezi ya kufundisha mara nyingi hutuuliza wanawezaje kufundisha sayansi mahali pasipo na maabara. Somo hili linajibu sehemu ya swali hilo. Spika mbovu, sarafu, karatasi ya miraba na pazia vimetosha kuonyesha kazi ya mitambo ambayo wengine huinunua kwa maelfu ya yuro. Wazazi wa wanafunzi wetu hupata fedha zao kwa jasho, na kila siku hutajiwa bei kana kwamba bei ni ushahidi. Mtoto aliyezoea kuuliza "mlijaribuje, na aliyejaribu alikuwa anaona?" atawafaa wazazi hao leo, wanaponunua redio, na atajifaa mwenyewe kesho atakaponunua mbegu, dawa au dirisha la nyumba yake.